Mwenye Kukaa pa Kiti cha Bauma

Wadogo zangu wa ofisi ya Walikale, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyotayarisha dosye, yaani mafaili, ya watu waliokwenda kusoma nje, miaka ile kabla ya uhuru, nyinyi mkiwa bado mnabebwa mgongoni. Nadhani mlitaka tu kunipa kazi, ili niache kupita kila Jumatatu kuangalia kama mashini yangu ya kuandika inapigwa vizuri. Haipigwi vizuri. Herufi ya R inataka upole. Lakini naandika.

Mnanijua kama msomi wa chuo kikuu, na baadhi yenu mnaliheshimu jambo hilo kuliko linavyostahili. Nilisoma chuo kikuu muhula mmoja. Kwa nini haukuwa wa pili, nitafika. Kuhusu vyeo na mishahara sitasema kitu. Cheo changu cha mwisho kilimtia haya mtu aliyenipa.

Nilianza Masisi mwishoni mwa miaka ya arobaini, baada ya vita. Siku ya kwanza niliingia na suruali iliyopigwa pasi na Kifaransa kilichopigwa pasi zaidi. Karani mkubwa, Papa Lukas, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa.

“Ulisoma?”

“Ndiyo, Papa. Miaka mingi.”

“Usiogope. Itakutoka pole pole.”

Kisha akanipa jiko la makaa. Nilifikiri ananidharau, kumbe ndicho kilikuwa chombo cha kwanza cha kazi. Kule Masisi ukungu unaingia ofisini bila kupiga hodi, na karatasi inaunywa. Karatasi iliyokunywa ukungu haishiki wino, na muhuri ukipigwa juu yake unatambaa kama konokono. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuandika hata nukta, tulikausha karatasi juu ya makaa, tukipuliza muhuri kwa pumzi ya kinywa. “Karatasi ya hapa iko sawa na ng’ombe,” Papa Lukas alisema. “Unaiamusha, unaiotesha moto, njo unaikamua.” Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anakamua.

Miaka ya kwanza waliokwenda kusoma nje walivuka mpaka tu kuingia Ruanda, na wengi walikuwa waseminari. Walihitaji pasi ya kutoka teritware, yaani wilaya, kitansi (risiti) cha kodi na barua ya padri. Baadaye, katika miaka ya hamsini, wakaanza kutokea mmoja hapa mmoja pale waliopata nafasi ya kwenda Ulaya kwa muhula mmoja wa mafunzo: mwalimu, muuguzi, fundi wa kupima mashamba. Hapo dosye ilinenepa. Cheti cha mwenendo mwema. Cheti cha daktari kwamba kifua ni kizima, damu haina malale, ngozi haina ukoma. Chanjo ya ndui na ya homa ya manjano. Picha, na mpiga picha alikuwa Goma. Barua ya shule inayompokea, na jina la nyumba atakayolala. Nauli ya kwenda, na nauli ya kurudi iliyowekwa amana kabla hajaondoka, maana serikali ilimwamini mtu akienda, lakini si akirudi.

Papa Lukas alinifundisha kwamba gharama kubwa haziko katika orodha ya serikali. Aliwauliza vijana: Utafua nguo wapi? Koti la baridi utalinunua huku ambako halipo, ao kule ambako utashuka tayari unatetemeka? Likizo shule ikifungwa utakula kwa nani? Kijana aliyekuja akitabasamu alitoka akihesabu kwa vidole. Na huko kutoka akihesabu, wadogo zangu, ndiko kumtendea mtu wema. Endeleeni kuwauliza.

Sharti lililoleta kelele zaidi lilikuwa la mdhamini: mtu wa kubaki hapa teritware, akubali kwa dole gumba kwamba kijana asiporudi, atashikwa yeye. Baba mmoja mfugaji kutoka Kingi alibishana nasi mpaka maziwa aliyotuletea yakaganda.

“Kaka yangu hawezi kunisimamia. Andika ng’ombe.”

“Papa, ng’ombe hawezi kuwa mdhamini.”

“Huyu iko na akili kuliko kaka yangu. Na hatoroki.”

Papa Lukas alitazama juu, akakiri kwamba neno la pili lina nguvu kisheria.

Kwa miaka hiyo yote ni baba mmoja tu ambaye hakubisha. Huyo ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake, kwa sababu dosye yake ilinifundisha kazi hii ni kazi gani.

Alikuwa Papa Kalinda, mwindaji na mkulima kutoka kijiji cha msituni, mwendo wa asubuhi moja kutoka Pinga. Alifika Masisi kwa miguu na watoto wake wawili. Wa kwanza, Bauma, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyepata nafasi ya muhula mmoja Ubelgiji, kuanzia Oktoba. Wa pili, Feza, alikuwa msichana mrefu, mcheshi, aliyechumbiwa na kijana mwenye duka dogo Kashebere. Alibeba kichwani kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi. Nilimwambia hapa tuna viti.

“Nyinyi muko na viti,” akajibu. “Bauma iko na kiti.”

Nilipomweleza baba juu ya mdhamini, akatikisa kichwa kwa furaha kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

“Kumbe hata Wazungu banajua! Iko vizuri. Kwetu muntu mwenye kuenda mbali, kupita pale ngoma inasikilika, haendi muzima. Kipande moja inabaki. Kama hakuna mwenye kuikalia, ile kipande inamufuata, na muntu anapotea, ao anarudi mutupu. Feza njo atakaa pa kiti ya kaka yake. Atakula sehemu yake. Tukiita Bauma, yeye njo ataitika.”

“Na ndoa yake?” niliuliza.

“Atangoja. Bauma anaolewa?” Baba akacheka, na Feza akacheka, na Bauma akatazama viatu vyake vipya.

Sheria haikukubali msichana kuwa mdhamini, kwa hiyo nikaweka dole gumba la baba. Dole la Feza sikuliweka popote. Nilimwambia kwa mzaha, “Haya, Bauma, safari njema,” nikimtazama yeye, si kaka yake. Akaitika, “Aksanti, karani,” kwa sauti nzito ya kiume. Tulicheka wote. Papa Lukas peke yake aliinama akashughulika na makaa.

Bauma akaondoka. Januari shule ikatuandikia kwamba wamependezwa naye na wanampa muhula wa pili, wenye cheti kikubwa zaidi ambacho hakuna mwalimu wa upande wetu aliyewahi kukipata. Bauma mwenyewe alituma maneno machache: ni mzima, anaomba kuongeza. Kisheria ilitakiwa idhini mpya ya mdhamini. Barabara ya Pinga ilikuwa ya miguu, na aliyekuwa na miguu michanga ofisini nilikuwa mimi.

Nikapanda lori la mizigo mpaka Kashebere, kisha nikaingia msituni kuelekea kaskazini, nikisukuma baiskeli ya serikali ambayo ilipanda mgongoni mwangu mara nyingi kuliko mimi nilivyopanda mgongoni mwake. Mjue kwamba ukishuka kutoka Masisi, unavua. Masisi unavaa sweta. Huku chini shati inashika mgongo. Nilifika kijijini kwa Papa Kalinda saa sita ya mchana, jua likiwa limesimama juu ya uwanja. Kuku walikuwa wamefungua midomo kwa joto. Mbuzi walikuwa wamelala uwanjani kote isipokuwa mahali pamoja, mbele ya nyumba ya mwisho. Hapo palikuwa patupu, kama pamefagiwa.

Katikati ya mahali hapo Feza alikaa juu ya kile kigoda. Alivaa shati la kaka yake, na juu yake mablanketi, na juu ya mablanketi ngozi. Nilimwamkia. Akageuza uso, na kabla hajasema, nikaona pumzi yake. Ilitoka nyeupe mdomoni, ikasimama hewani kidogo, ikapotea. Yangu, nikiwa hatua chache kutoka kwake, haikuonekana. Nilisogeza mkono mbele ya uso wake kama mpumbavu. Mvuke ukanipita kati ya vidole, baridi.

“Karani,” alisema, “umekuja kunirudisha?”

“Feza, unaumwa nini?”

Hakuitika. Mama yake, aliyekuwa anatwanga karibu, akasema taratibu bila kuinua macho, “Muite vizuri.”

Nikamwita upya: “Bauma.”

“Ndiyo, karani.”

“Uko wapi?”

“Pa njia ya mawe. Kuna mulango ya buluu, na mukono ya chuma juu yake, ya kugonga. Napita hapo kila siku nikienda kwa masomo.” Akakohoa. “Hapa miti yote imekufa, karani. Haina hata jani. Na watu hawalii. Maji ya mutoni imekuwa jiwe, batoto banatembea juu.”

Nilikuwa mtu niliyesoma, na msomi akiogopa hutafuta barua. Nikamvuta Papa Kalinda pembeni, nikamwuliza kama Bauma alikuwa amewaandikia habari za theluji na mito.

“Amuandikie nani?” akasema. “Hapa mwenye kujua kusoma ni yeye, na yeye njo alienda.”

Tulikaa kivulini, karatasi ya idhini juu ya magoti yangu. Baba aliieleza hali yake bila kulia. Kijana akirudi sasa, anarudi bila cheti, na huenda hakuna mtoto mwingine wa msitu huu atakayepewa nafasi tena. Kijana akibaki, Feza anabaki pa kiti mpaka katikati ya mwaka, na Feza alikuwa ameacha kula tangu siku chache. Kifua chake kilisikika kutoka pale tulipokaa. Watu wa mchumba wake walikuwa wamekuja, wakaona, wakarudi Kashebere bila kunywa maji.

“Mutoto moja niko nayo Ulaya, mutoto moja niko nayo hapa,” alisema. “Kama ni mukono yako ya kuume na ya kushoto, wewe karani unaweka kidole gani?”

Feza aliita kutoka juani, kwa sauti ile nzito: “Weka, Papa! Niache nimalize. Wanasema baridi inaelekea kuisha.”

Hapo ndipo nilipofanya kitu pekee nilichokuwa najua kufanya. Nilimkumbusha Papa Kalinda kwamba sheria inaruhusu kubadilisha mdhamini katikati ya muhula, kama mpya anakaa teritware, ana kazi, na wote wawili wamekubali. Nilikuwa nasema juu ya karatasi. Naapa nilikuwa nasema juu ya karatasi. Lakini mzee alinitazama sana, kisha mama akaacha kutwanga.

“Wewe uko na baba?” aliniuliza mama.

“Alikufa, Mama.”

“Basi unaweza kuwa na huyu.”

Walinilisha kutoka sahani moja na mzee, ugali wa ndizi na nyama ya msituni ambayo sikuuliza jina. Kisha wakamwinua Feza kwa makwapa. Alipotoka juu ya kigoda aliyumba, akatazama mablanketi kama mtu anayeshangaa nani amemvalisha, akaanza kutokwa jasho. “Mama,” alisema kwa sauti yake mwenyewe, “hii joto gani?” Na mimi nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kutabasamu.

Sitawaeleza baridi ile. Nitasema tu kwamba ilianzia miguuni, na ilikuwa na mawe ndani yake.

Idhini ilitiwa dole gumba siku ile ile, na nikapewa kigoda nirudi nacho, kwa sababu mwenye kiti haachani na kiti. Nikakifunga nyuma ya baiskeli. Ofisini nilikiweka chini ya meza na kukikalia saa ya chakula. Wenzangu walinifurahia mno. “Bwana Bauma, Brussels kuna nini leo?” “Bauma, tuletee jibini!” Faraja yangu ilikuwa kwamba Masisi ni mahali pazuri pa kushikwa na baridi ya Ulaya: hakuna anayeshangaa. Papa Lukas hakutania. Asubuhi moja nilimkuta amehamisha jiko la makaa kutoka upande wa karatasi, ameliweka karibu na miguu yangu.

“Na karatasi, Papa?”

“Zikauke zenyewe. Zina mikono?”

Kwa miezi ile nilijua mambo nisiyoyatafuta. Nilisikia kengele ambayo haikuwa ya misheni yetu. Nilionja supu ya mboga isiyo na chumvi. Nikifumba macho, ulikuwepo mlango wa buluu wenye mkono wa chuma, ukinipita upande wa kushoto asubuhi na wa kulia jioni.

Bauma alirudi katikati ya mwaka, mnene, na cheti chake. Aliingia ofisini kuonyesha pasi, nami nikainuka kutoka juu ya kigoda, nikamwambia akae. Alicheka, akakaa, akaacha kucheka. Akasema, “Wajua, karani, msimu wa baridi wote nilitembea koti wazi. Wenzangu walinidhihaki: huyu Mwafrika moto wake unatoka wapi?” Akanitazama mikono, iliyokuwa bado imepasuka. Alirudi Pinga akawa mwalimu mkuu, na Feza akaolewa Kashebere. Kigoda akakichukua Feza. Alisema ni yeye aliyekizoea.

Mnaona tunakaribia muhula wangu. Karibu na mwisho wa miaka ya hamsini nafasi ya masomo ya utawala ilinifikia mimi. Nilijitengenezea dosye mwenyewe, dosye safi kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Ilikuwa inapendeza kuliko mwenyewe. Papa Lukas alikuwa mdhamini wangu. “Na kiti?” aliniuliza. Nikamwambia sitamtafuta mtu. Nilijua uzito wa jambo hilo, na sikuwa na dada wa kumuua. Nitakwenda na kipande changu chote, na nikirudi mtupu, basi nirudi mtupu. Mke wangu alisema kwa miaka yote ya ndoa hajaona tofauti.

Nikaenda Ubelgiji. Nilisoma vizuri, kwa kadiri ya mtu mwenye mvi kati ya watoto. Mwezi wa Desemba, mtaa mmoja nisiowahi kuupita, nikageuza kona ya mawe, na upande wa kushoto ulikuwepo mlango wa buluu wenye mkono wa chuma. Nilisimama hapo. Watu walipita wakipuliza vidole. Kutoka kila mdomo ulitoka mvuke, wa wazee, wa watoto, wa farasi wa mkokoteni wa bia. Nikakumbuka kwamba koti langu nimelibeba mkononi tangu asubuhi. Nikapumua mbele ya kioo cha dirisha. Nikapumua tena, kwa nguvu.

Hakikutoka kitu.

Mwezi wa kwanza waliniita kunipa muhula wa pili. Nilikataa. Waliniuliza sababu ili waandike, kwa kuwa kule pia kila kitu kina nafasi yake katika fomu. Niliwaambia nina mtu anayenisubiri. Wakaandika: sababu za familia. Wadogo zangu, hakuna karani aliyewahi kuandika kweli zaidi.

Lori liliponifikisha Kashebere kulikuwa na joto la mchana. Mbele ya duka, mahali ambapo mbuzi hawakulala, Feza alikaa juu ya kigoda ndani ya mablanketi, amekonda, mtoto wake mdogo akichezea pindo. Pumzi yake ilitoka nyeupe.

“Karibu, kaka,” alisema. “Umechelewa kidogo.”

“Nani alikutuma, Feza? Sikukuomba!”

“Na wewe, siku ile kwetu, nani alikuomba?” Akanyoosha mkono. “Niinue basi. Miguu imekuwa mawe.”

Nikamwinua. Nikakaa. Baridi yangu yote ya miezi ile ikaja kuchukua mahali pake, na sijawahi kupokea kitu kwa shukrani kama hiyo.

Kwa hiyo cheti sina, na mapafu ninayo nusu. Ndiyo maana daktari alipendelea nistaafu huku chini Walikale penye jua. Kigoda Feza alinipa siku ya kuniaga kazini. Dosye zenu siku hizi ni nzuri, nimezitazama. Bima, viza, akaunti, kila kitu kimo. Sitaki muongeze sharti. Nawaomba mwulize tu, kwa mdomo, baada ya kufunga faili: nani anabaki?

Wiki mbili zilizopita binti wa mmoja wenu aliondoka kusoma, na nilisikia kwamba swali hilo hakuna aliyeliuliza. Leo mchana, jua likipasua mabati, mke wangu ameniletea chai hapa uani ninapoandika. Amesimama na kikombe mkononi, ametazama kigoda nilichokalia, kisha mvuke mweupe mdomoni mwangu, akaenda ndani kuleta blanketi.

Mwambieni mtoto asome kwa bidii. Na asiongeze muhula.